Kima wa Maalim

Baba alisomesha hisabati hadi umri ukamkataza. Siku ya kuondoka alikabidhi chaki, kabati na funguo, akarudi nyumbani na kalamu nyekundu. Hiyo ndiyo iliyotuponza. Orodha ya Mama ya sokoni ikawa inarudi imepigwa mistari, daftari la deni la duka la chini likakaguliwa mpaka mwenye duka akaanza kutununia, na mimi, mtu mzima mwenye mtoto wangu, nikaambiwa kwamba sambusa zangu pembe zinazo, ila si tatu. Mama akazidisha dua apatikane mwingine wa kusahihishwa. Akapatikana kima.

Mwanangu alitoka skuli na kitabu cha hadithi chenye picha ya kima punju. Babu yake akaitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kima yule alikuwa kahawia kutoka utosini hadi ncha ya mkia, ameshika ndizi mbivu, na kidole gumba kimemsimama wima.

"Nani kampa gumba huyu?" Baba akauliza, na akatutazama mmoja mmoja.

Kwa haki ya Mungu alikuwa sahihi, na usahihi ndio maradhi yake ya siku zote. Kima punju ana vidole vinne mkononi. Penye gumba pamebaki kinundu tu. Utosi na mgongo ni wekundu wa kutu, mabega na mikono ni myeusi, tumbo jeupe, puani na midomoni ana waridi, na uso umezungukwa na nywele ndefu nyeupe zisizojua kitana. Chakula chake ni majani, hasa machanga, na matunda mabichi. Tumbo lake lina vyumba ambamo majani huchachuka polepole, na tunda lililoiva, lenye sukari nyingi, humvuruga. Ndizi mbivu ni kumtafutia hospitali. Na porini hapatikani popote duniani ila visiwani kwetu.

"Mnyama wetu wenyewe!" Baba akasema. Akaandika kwa wino mwekundu pembeni mwa picha: Rudia. Kisha akagundua kwamba mtu wa kurudia hayupo. Akajiteua.

Alichagua rangi za maji kwa sababu alisoma mahali kwamba rangi hizo si kitu ila unga wa rangi uliofungwa kwa gundi ya mgunga, na asali kidogo ili kidonge kikikauka kisipasuke. "Vitu vya jikoni," alisema. Mama alipolisikia hilo neno jikoni aliacha kukuna nazi.

Dada yangu wa Maskati aliombwa vile tu ambavyo jikoni havipo: karatasi na brashi. Akampa msafiri mfuko, ndani mna halua, ubani, nguo za watoto na vikorokoro vingine. Nyumbani kwetu mzigo wa Maskati hufunguliwa na Mama peke yake, mlango umefungwa, kisha kila mtu hutolewa chake. Baba alitolewa brashi za aina tatu na karatasi nene za pamba, za gramu 300 kwa mita ya mraba, ambazo ukizipiga kwa ukucha zinalia.

"Karatasi ya pamba," Mama akasema. "Si ungeshonewa kanzu."

Ikabaki gundi. Muuza viungo wa Darajani alikuwa ameishiwa, na Baba hakuwa mtu wa kusubiri muuza viungo. Aliutazama ubani wa Maskati, akaona nao ni chozi la mti, akapiga hesabu. Hesabu ilikuwa nusu sahihi: ubani una sehemu inayoyeyuka kwenye maji na sehemu isiyoyataka maji kabisa. Aliubandika kwenye sufuria juu ya seredani, roshani, baada ya sala ya alasiri. Ukavimba, ukafurika, ukamwagikia makaa.

Sisi tunakaa ghorofa ya nne Michenzani, kwenye yale majumba marefu waliyotusaidia kuyajenga Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi, na ngazi zake hupokea harufu zikaipandisha na kuishusha kwa uaminifu mkubwa. Haikupita muda majirani walianza kubisha. Wamejitanda kanga, nyuso zimeshatengenezwa kwa huzuni, mmoja kashika kilo mbili za sukari. Mkubwa wao akamshika Mama mkono, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani?"

Mama akaitazama sufuria, akamtazama Baba.

"Bado," akasema.

Gundi yenyewe ilikuja baadaye, vipande vya manjano vilivyotoka Sudan, mithili ya sukari guru iliyovunjwa. Baba aliiloweka usiku kucha, akaichuja kwa kitambaa cha Mama cha kuchujia tui. Kwa joto na unyevu wetu ikafanya ukungu upesi, na hapo Mama, ambaye hakuwa ameulizwa, alitia tone la mafuta ya karafuu bila kusema neno. Ukungu haukurudi. Watengeneza rangi wa zamani walifanya vivyo hivyo, na Baba alilijua hilo kwa kusoma. Mama alilijua kwa sababu karafuu ndiyo jibu lake la kila kitu, kuanzia jino. Nadhani ile ilikuwa siku pekee katika kisa hiki waliyokuwa upande mmoja.

Maana kesho yake Mama alimkuta Baba anatwanga mkaa kwenye kinu chake. Si kinu kikubwa, kile kidogo, cha thomu na bizari. Pilau la Ijumaa ile lilikuwa na rangi ya mawingu ya masika. Baba alijitetea kwa sayansi: kima punju wenyewe hula mkaa. Na ni kweli. Wanaoishi karibu na mashamba huchukua vipande vya mkaa kwenye matanuri ya wachoma mkaa na kuvitafuna, na watafiti walieleza katika miaka ya 1990 kwamba majani ya miembe na mikungu yana vitu vinavyowasumbua tumbo, na mkaa huvinyonya.

"Mkaa ni dawa ya tumbo," Baba akasema, huku akiongeza kachumbari.

"Basi lipeleke hilo pilau msituni Jozani," Mama akamjibu.

Nyekundu ya mgongo ilitoka kwenye udongo wa shamba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo kazi iliyomtuliza mzee wangu kuliko yote. Unakoroga udongo mwekundu ndani ya maji. Mchanga, kwa kuwa mzito, unatangulia kuzama. Yale maji mekundu unayamimina upesi kwenye chupa nyingine na kuyaacha. Asubuhi maji yako juu, meupe, na chini pamelala tope laini. Unakoroga tena, unamimina tena, na kila chupa inakupa unga laini kuliko uliotangulia. Roshani ikajaa chupa. Baba alikuwa akitoka baada ya alfajiri kuziangalia, mikono mgongoni, kama alivyokuwa akipita kati ya madawati wakati wa mtihani, na nyumba ilikuwa kimya hadi saa mbili. Lau rangi zote zingetoka kwenye udongo, hadithi hii ingeishia hapa.

Manjano ilitoka kwenye bizari. Kwa buluu alichukua buluu ya kufulia nguo, na alitutolea somo zima: buluu ile ya unga, kwa asili yake, ni ileile ya wachoraji, ambayo zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la Badakhshan, Afghanistan, ikauzwa kwa bei ya dhahabu, mpaka Mfaransa mmoja, Guimet, alipoipata kwa tanuri katika miaka ya 1820. "Mnachovyea kanzu zangu kwenye rangi ya wafalme," alisema. Kwa midomo alitumia mbegu za zingefuri, ambazo watembeza wageni kwenye mashamba ya viungo huwapaka watalii midomoni. Kahawia iliyoiva, ya kutilia vivuli, aliitafuta sokoni kwenye samaki. Sepia ile ya wachoraji wa Ulaya ilitoka kwenye kifuko cha wino cha dome. Siku ile dome hakuwepo, kukawa na ngisi, na Baba alisema ni ndugu. Mama alipika ngisi wa nazi, Baba akachukua wino. Naye paka wetu, ambaye tunamwita Bwana Afya kwa sababu hakuna sufuria asiyoikagua, alikaa chini ya meza kuangalia wino unakwenda wapi.

Jozani tulikwenda kwa daladala la Makunduchi, mimi, Baba na mjukuu wake. Karibu na msitu barabara ina matuta, yaliyowekwa kwa sababu kima walikuwa wakigongwa na magari wanapovuka. Tulishuka, na hatukuhitaji hata kuingia ndani sana. Walikuwa juu ya miti ya kando, familia nzima, wakubwa wanatafuna majani, wadogo wanaangukiana. Mtembeza wageni akatuambia tusiwasogelee wala tusiwape kitu.

Baba alifungua daftari, akachonga penseli, akapima kwa jicho. Akachora utosi. Kima akageuka. Akaanza utosi mwingine. Kima akaruka tawi. "Kaa chini, wewe!" Baba akafoka, kwa ile sauti iliyokuwa ikituliza watoto arobaini, na kima mmoja akamtazama, akaendelea kula. Mjukuu alicheka mpaka akakaa yeye.

Kurasa za mwanzo zilikuwa vichwa visivyo na miili. Kisha, sijui ni joto au ni kuchoka, aliacha kutafuta kima mzima. Akachora mkono mmoja tu ulioshika tawi, vidole vinne vimejikunja. Ukurasa mwingine mgongo tu, kwa mstari mmoja. Mkia unaoning'inia, usioshika kitu, maana mkia wa kima huyu si wa kushikia. Mstari uliokwenda kombo aliuacha na kuchora mwingine pembeni yake. Nilimtazama mara mbili. Sijawahi kumwona Baba akiacha kosa likae ukurasani bila kulizungushia duara.

Tuliporudi akatangaza kwamba karatasi lazima ivutwe. Karatasi ikiloweshwa hutanuka, na ikikauka ikiwa imebanwa pembe zote hujivuta ikawa tambarare, isifanye mawimbi rangi inapoingia. Inataka ubao imara, mpana, ulionyooka. Kibao cha chapati kilikuwa kidogo. Meza ilikuwa imepinda. Mama aliporudi kutoka kwa jirani alikuta kabati lake la nguo halina mlango mmoja, na mlango umelala sebuleni, kioo chini, karatasi imebanwa juu yake kwa pini za ofisini. Karai la kufulia, ambamo karatasi iliogeshwa, lilikuwa limejaa maji safi ya tangi wakati wa mgao. Sitayarudia maneno yaliyosemwa. Mwanangu alitumwa dukani kununua kiberiti ambacho hakikuwa na haja.

Nami niseme la kweli: alipoanza kupaka, sote tulinyamaza tukatazama. Rangi ya maji huanzia kwenye nyepesi kwenda kwenye nzito, na haina njia ya kurudi. Nyeupe haipakwi, nyeupe ni karatasi yenyewe, usipoigusa. Baba alilowesha mahali pa mgongo kwa maji matupu, akagusa udongo mwekundu kwa ncha ya brashi, na rangi ikatembea yenyewe hadi penye mpaka wa maji, ikawa manyoya. Kwa vivuli alisubiri karatasi iache kung'aa. Ukiwahi, rangi inakimbia. Ukichelewa, maji yanaisukuma rangi iliyokwisha lala ikafanya ua lenye kingo za kukatika, na ua hilo halitoki. Wakati wa masika karatasi haitaki kukauka. Baba aliketi nayo, feni inageuka, brashi mkononi, anasubiri. Mtu huyu mkate wa kumimina haujawahi kuiva akiwa amekaa.

Mama akainama akaonyesha kuzunguka uso. "Hapa umesahau."

"Hapo nimeacha," Baba akasema.

Mama akaondoka, akarudi, akaonyesha tena. Tabu yake ni kwamba hawezi kuona pahala patupu. Ukutani kwetu hakuna pa kugonga msumari.

Picha ikakauka siku ya harusi ya binti wa Ami yangu. Tulitoka wanawake wote, tukamwacha Baba na kima wake juu ya mlango wa kabati. Harusi ilikuwa nzuri, watu walijaa, biharusi kapambwa, macho yamepakwa buluu iliyokoza ambayo hatujapata kuiona kwa mtu. Ilipofika wakati wa kuagana na mama yake alilia, na ile buluu ikateremka mashavuni, ikafuata waridi, ikapita hina ya mkononi, hadi kwenye gauni. Kungwi alisema vipodozi vya siku hizi havina kheri. Mama aliafiki kwa nguvu kuliko wote.

Tuliporudi usiku, Baba alikuwa amelala kwenye kiti, na sebule ilikuwa na wageni. Mengi yaliyokuwamo katika rangi zile ni chakula: gundi, asali, bizari, wino wa ngisi. Baba alikuwa ameijaalia picha asali kuliko inavyopasa ili ing'ae. Sisimizi walikuwa wamepanda mguu wa kiti, wakavuka mlango wa kabati, wakapanda kima kwa mkia, na wote walikuwa mgongoni wanashughulika. Usoni alikuwa Bwana Afya. Kisa cha ngisi alikuwa hajakisahau. Vivuli vya jicho la kushoto alikuwa ameviramba hadi pamba, na nyayo zake za kahawia zilishuka kwenye meza, kwenye kiti, zikaenda mpaka kwenye mkeka wa kusalia.

Mama alipiga ukelele, akachukua kitambaa cha sabuni. Alikusudia meza. Lakini povu halijui mpaka, na likachuruzika hadi kwenye majani ya pembeni ya picha, yale ya bizari na buluu. Kila anayefua nguo yenye mchuzi anajua sabuni inavyoifanya bizari: inageuka nyekundu kama jeraha. Msitu wa Jozani ukawaka moto mbele ya macho yetu. Baba akaamka.

"Usiguse!" akasema.

"Najua dawa yake," Mama akasema, na kwa kweli alikuwa anaijua. Ndimu. Alikata nusu, akakamulia tone, na nyekundu ikarudi manjano papo hapo. Hata Baba alisogea kuangalia. Tatizo ni kwamba buluu ile ya wafalme haivumilii ukali wa ndimu hata kidogo. Ilififia huku tunaitazama, ikatoa kiharufu cha yai viza, ikaondoka. Tukabaki na kima mwenye jicho moja, katika msitu wa manjano matupu, sisimizi wakiwa bado safarini.

"Basi ni kiangazi," Mama akasema.

Baba hakujibu. Alipuliza sisimizi, akasubiri karatasi ikauke, akatoa kalamu nyekundu. Akahesabu vidole: vinne. Akaangalia mgongo, mabega, nywele nyeupe ambazo katika dhoruba yote ile hakuna aliyezigusa. Pembeni akaandika 7/10. Kisha akaikata kwa mkasi kwa ukubwa wa ukurasa, akaibandika kwenye kitabu cha mjukuu juu ya yule mwenye gumba, kwa gundi ileile ya mgunga. Mwalimu wa skuli alikirudisha kitabu na swali moja: kima huyu amekonyeza kwa nini?

Mlango wa kabati ulikuwa umekwisha rudi mahali pake, umepinda kidogo, dada aliposikika kwenye simu kutoka Maskati. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekosewa. Karatasi kashukuriwa, brashi kashukuriwa, mbona lile la maana hakuna anayelitaja? Rangi! Kile kibati cheusi chenye vidonge kumi na viwili, kifuniko cheupe, na kibrashi chake ndani. Alikinunua juu ya aliyoagizwa, ili Baba asihangaike na kutwanga.

Baba akageuka polepole kumtazama mfunguaji wa mizigo.

"Kibati cheusi," Mama akasema, anaangalia dari. "Cheusi... kina vidonge... Mimi nilijua ni vya macho. Nikakitia kwenye sanduku la biharusi."

Baba akampigia simu binti wa nduguye hapohapo. Akapokewa kwa furaha. "Ahsante sana, Ami! Rangi nzuri mno, kila mtu kaniuliza. Ila machozi haziyawezi." Akaulizwa zimebaki zipi. Buluu imekwisha, waridi imekwisha, kahawia aliitumia kwa nyusi. Kijani mbili hajazigusa, na manjano, kwa kuwa hazimpendezi.

Baba alikata simu, akavuta daftari lake, akachonga penseli.

"Kinyonga," akasema.

Mama akanyanyuka, akachukua kinu na mchi wake, akaingia navyo chumbani, na tukasikia funguo.